Mtaalamu Aliyezifundisha Seva Kuamkia

Jumapili, saa kumi na moja na nusu jioni. Mtaalamu ndiyo kwanza ametoka hapa kwetu, na kikombe chake bado kina chai nusu. Mama yuko uani anaanua nguo ambazo hazijakauka, nadhani ni ili asikae. Kesho asubuhi kamati ya hospitali inakutana kuamua kama ataendelea na kazi yake ya mapokezi au atafukuzwa, kwa sababu inasemekana Alhamisi, siku ya kliniki ya watoto, aligoma kutumia kompyuta akaandikisha wagonjwa kwenye makaratasi. Mama hakugoma. Seva ilikufa. Mwenye kazi ya kujua kwamba seva imekufa, na kulisema jambo hilo, ni mtu mmoja tu hapa Bariadi, na ndiye huyo aliyeacha chai.

Basi leo naandika habari zake. Mimi mbele za watu hata kuomba maji ni shida, watu huongea nikiwepo kama vile nimewekwa tu pale na kabati. Lakini kabati linasikia.

Jina lake silitaji, na mtaani sidhani kama kuna anayelitumia. Ni Mtaalamu. Wanamwita hivyo hospitalini, kanisani, na kwa mama anayeuza vitumbua. Yeye mwenyewe akipiga simu husema, "Mtaalamu hapa." Kitambulisho cha kazi hakitoki shingoni mwake, hata siku ya kumwagilia mchicha. Anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu na nimemjua tangu niko darasa la tatu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akipita mtu bila kumsalimia. Akikuona akiwa kwenye pikipiki haishii kupunguza mwendo. Anazima injini kabisa, anashusha mguu, anavua kofia, anaanza kwa Kisukuma.

"Mwadila."

"Mwadila."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Hapo mmeulizana amani na kujibiwa ni amani tu, na ndiyo kwanza mlango umefunguliwa. Zinafuata habari za nyumbani, za kazi, za mvua, za pamba, za mifugo, na kama huna mifugo atakuuliza ya jirani yako. Mama husema huyu nyumba yako ikiungua atakuuliza kwanza kama kwenu mvua zimenyesha.

Nilipokuwa kidato cha kwanza hospitali ilinunua seva, na Mtaalamu akapita mtaa mzima akieleza. Kwetu alichukua kijiti akachora uani. "Ng'wanawane," akaniambia, maana mimi huniita mtoto wake, "hili boksi la chuma ni zizi. Zizi ni moja, lakini humo ndani nimetenga ng'ombe wa familia tatu. Kuna seva ya wagonjwa, seva ya dawa na seva ya maabara. Hazina mwili, ila kila moja inajiona ina boksi lake peke yake." Akanyoosha na mstari mrefu mpaka kwenye ndoo yetu, ambayo ilikuwa kliniki ndogo ya hospitali iliyoko Nyalikungu, kule Maswa. Nilielewa. Kwa kueleza, Mtaalamu hana mpinzani. Mwalimu wetu wa kompyuta alitueleza jambo hilo hilo kwa vipindi vitatu, tukatoka tumepungua akili.

Lakini zizi linataka mchungaji, na hapo ndipo kilipoanza kichekesho. Ilibidi ichaguliwe programu ya kuziangalia zile seva na ule mtandao, itakayosema hiki kimejaa, hiki kimechoka, hiki kimekufa. Uchaguzi huo ulichukua muda mrefu kuliko baba mdogo alivyochagua mke, na baba mdogo alizunguka mpaka Mkula akawa anarudi na visingizio. Programu hizi huwa unapewa kuzijaribu bure kwa muda. Mtaalamu alijaribu moja mpaka muda ukaisha, akahamia nyingine, akairudia ile iliyoisha kwa jina la mtu mwingine. Jioni mama alikuwa akitusimulia tukila, na sisi tunacheka. Wakati ule tulikuwa tunacheka.

Ya kwanza ilikuwa ya bure moja kwa moja. Aliisimika mwenyewe, ikachungulia kila kona, asubuhi akakuta skrini nyekundu tupu. Seva ya dawa imeelemewa, diski ya seva ya wagonjwa inakaribia kujaa, mtandao wa Nyalikungu unakatika na kurudi kama kwikwi. Yote yalikuwa kweli. Mtaalamu akakasirika. "Programu gani hii," akamwambia mama pale mapokezi, "haijamaliza hata siku mbili kwenye nyumba ya watu imeshaanza kusengenya?" Katibu wa hospitali, ambaye ni mzee wa mvi na mkubwa wa wote pale, aliingia akaona ule wekundu akauliza kama kuna moto. Ikafutwa mchana huo huo.

Ya pili ilikuwa na ramani. Ukiifungua unaona dunia nzima inazunguka, kisha inakuja inakuja, mpaka Bariadi inawaka kama ncha ya sigara. Katibu aliipenda sana ile ramani, akawa anawaita wageni. Tatizo ni kwamba programu yenyewe ilikuwa inakaa mbali huko, inafika kwetu kwa intaneti. Intaneti ikikatika, mwenye kazi ya kukuambia imekatika naye amekatika. Mtaalamu alihitaji wiki kadhaa kuligundua hilo, kwa sababu kila ilipotoweka alidhani muda wa majaribio umeisha.

Ya tatu waliileta vijana kutoka Mwanza. Walikuja na fulana za rangi ya chungwa na wakaagiza kuku. Yao ilikuwa inauzwa kwa hesabu ya vitu unavyotaka iviangalie, na Mtaalamu akasimama kikaoni na hoja ambayo ilipigiwa makofi. "Boksi letu ni moja. Kwa nini tulipie mpaka vilivyomo tumboni mwake?" Mama alikuwemo kuwakilisha mapokezi. Akanyoosha mkono akauliza kama programu hiyo itajua pale seva ya wagonjwa itakapokwama, maana wanaotukanwa ni watu wa mapokezi. Katibu akamjibu, "Mama, tuko kwenye mambo ya kitaalamu." Wakachagua ile ya fulana, wakalipia boksi tu.

Ukimuuliza Mtaalamu sababu hasa, hasemi bei. Anasema, "Mambo ya ndani hayaanikwi." Ile programu ikafungwa kwenye televisheni kubwa ukutani, kwenye korido ya wagonjwa wa nje, ili kila mtu aone hospitali ya kisasa. Inaonyesha boksi. Boksi likiwa linapata umeme, kijani. Seva zote tatu zinaweza kufia humo ndani zikaanza kunuka, zizi limesimama, kijani. Wagonjwa walizoea kukaa chini yake wakisubiri mpira, na mpira hauji, inakuja mistari ya kupanda na kushuka. Mama anasema siku moja mzee mmoja kutoka Kimali aliitazama mistari ile asubuhi nzima, mwisho akauliza, "Huo ni moyo wa nani?"

"Wa seva, mzee," Mtaalamu akamjibu kwa heshima zote.

"Ana presha huyo," mzee akasema, akavuta fimbo yake akahama benchi.

Nisimseme vibaya tu. Mwaka juzi nilipougua malaria usiku wa mvua, ni yeye aliyenipeleka hospitalini kwenye pikipiki alfajiri, mama kanishika kwa nyuma. Maji yalikuwa yamejaa barabarani, akashuka akaisukuma na miguu yake ndani ya tope mpaka magotini. Hakutaka asante. Ingawa njiani alisimama mara mbili kusalimia watu, na mimi nikatapika mara zote mbili. Anatengeneza redio za mtaa mzima bure. Anaweza kusimama getini kwenu, akasikiliza pampu ya maji ya jirani, akasema, "Hiyo haimalizi mwezi," na kweli haimalizi.

Tena ana ng'ombe kwao Kimali, na hao hawachezei. Mchungaji wake ana amri ya kumpigia saa yoyote bila kuamkia. Nimesikia mwenyewe simu hizo: "Ndama kaanguka." Basi, hilo tu. Mtaalamu anaacha ugali mezani, hanawi, anaondoka. Nilishawahi kujiuliza kwa nini ndama asijuliwe hali kwanza.

Maana seva zinajua kuamkia. Hili sikubuni. Katibu aliposema naye anataka taarifa kwenye simu yake, Mtaalamu aliona kwamba zile seva za tumboni, ambazo televisheni haizioni, angeweza kumtaarifu Mzee, ndivyo anavyomwita Katibu, kuzihusu pembeni, kimya kimya. Akatengeneza kitu chake mwenyewe kwa mikono yake, kinachotuma meseji kupitia kisimu kidogo cha ofisi alichokichomeka kwenye boksi. Mwanzo meseji zilitoka kwa Kiingereza, fupi, kavu, eti seva fulani hatarini. Mtaalamu alizisoma akaona aibu. "Utamwambiaje mtu wa umri ule maneno kama ya polisi?" alituambia. "Taarifa mbaya haijui kuvua viatu mlangoni. Inabidi uivue wewe." Akakaa jioni nzima akaiandika upya. Mama na mimi tulisomewa, na nakiri ilikuwa nzuri, kama barua ya posa.

Baada ya hapo Katibu akawa anamsifu kila kikao. Kijana huyu, alisema, ndiye mfanyakazi pekee anayenijulia hali, hata usiku wa manane ananikumbuka. Mwisho wa mwaka Mtaalamu alipewa godoro kwa nidhamu.

Sasa Alhamisi. Akina mama walijaa kuanzia kwenye mabenchi mpaka chini ya mti wa nje, watoto wanalia, na kompyuta ya mama ikaganda. Alipiga simu chumba cha Mtaalamu. Mtaalamu alikuwa Nyalikungu kurekebisha ile kwikwi. Mama alingoja, akangoja, kisha akachukua karatasi akaanza kuandikisha kwa mkono ili watoto waonwe na daktari. Katibu akapita. Akamtazama mama anavyoandika, akainua macho kwenye televisheni. Kijani. Akasema mbele ya watu wote, "Mfumo mzima huo hapo. Mgonjwa ni wewe." Ijumaa mama akaambiwa asikanyage mapokezi mpaka kamati imsikilize.

Leo Mtaalamu alikuja baada ya ibada, kavaa fulana ya chungwa kama ya wale vijana wa Mwanza, mkononi mfuko wa michembe. Ni michembe mizuri, viazi vimekauka vizuri. Sijaigusa.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila," mama akaitikia.

"Mhola?"

"Mhola gani, Mtaalamu. Kesho nafukuzwa."

Hakuruka hata hatua moja. Aliuliza habari za bibi kule kijijini, akauliza shule yangu, akapokea chai, akaipuliza. Mama alimwacha afike mwisho, kisha akasema, "Kesho utawaambia kwamba seva ya wagonjwa ilikufa?"

"Mzee anajua, mayu. Programu yangu ilimtaarifu Alhamisi hiyo hiyo. Na wiki nzima kabla ya hapo ilimtaarifu kwamba diski inajaa, tunahitaji ruhusa ya kuongeza nyingine. Anajibu kila mara. Mimi nasubiri tu aamue."

"Anajibu nini?"

Akatoa mfukoni kile kisimu, alichokuwa amekichomoa kwenye boksi aje nacho, akampa mama kwa mikono miwili. Mama akasoma kwa sauti. "Marahaba kijana wangu, sisi wazima." Akashuka kwenye nyingine. "Marahaba, ng'ombe wanaendelea vizuri, ubarikiwe." Nyingine. "Marahaba. Mbona hulali?"

Nilikuwa nimesimama na birika. Sijui maneno yalitokea wapi. "Anko," nikasema, "kuhusu seva kajibu wapi?"

"Mtu mzima hajibu kila kitu, ng'wanawane."

"Nitumie na mimi," mama akasema. "Hiyo hiyo aliyotumiwa Mzee Alhamisi."

Mtaalamu akafurahi kabisa. Alifungua kompyuta yake mapajani, akakichomeka kile kisimu, akaandika namba ya mama, akabonyeza. Simu ya mama ikatetemeka juu ya meza. Mama akaisoma taratibu, kama anasoma somo kanisani. "Shikamoo Mzee. Mwadila. Pole na majukumu. Natumaini familia haijambo na mifugo pia. Samahani kwa usumbufu. Nina taarifa ndogo kuhusu seva ya." Akainua macho.

"Endelea," Mtaalamu akasema.

"Imeisha."

"Haijaisha. Inaendelea, seva ya wagonjwa imesimama, tunaomba hatua za haraka."

"Ngosha," mama akamwambia, na mama hamwiti mwanaume kwa Kisukuma ila akikasirika, "imeisha. Taarifa ndogo kuhusu seva ya. Seva ya nani?"

Mtaalamu akaichukua simu. Aliisukuma kwa kidole gumba juu, akaisukuma tena, kama ujumbe una mkia umejificha huko chini. Hakuna. Kile kisimu hubeba maneno ya meseji moja tu, yakizidi kinayaacha nje, na salamu zilikuwa zimekalia viti vyote. Miezi yote hiyo, kila seva ilipolia, Katibu alikuwa anaamkiwa.

"Hukujitumia hata moja ukaiona?" mama akauliza.

"Ningejiamkiaje mwenyewe, mayu?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. "Haya," akasema. "Umeona. Kesho kaseme."

"Nitasema."

"Kwenye kamati."

Mtaalamu akautazama mfuko wa michembe. "Mayu, si mbele ya kamati. Mzee ataonekana alikuwa anajibu hewa. Mtu wa mvi zile. Nitamwona pembeni, kikao kikiisha, nimweleze polepole, akurudishe."

"Kikao kikiisha nitakuwa nimeshafukuzwa."

"Atakurudisha. Mzee ana moyo."

"Ni Mzee ndiye atakayeonekana," mama akamuuliza, "au ni wewe?"

Mtaalamu akaweka kikombe mezani. Aliinuka, akaaga. Aliniaga na mimi, akatupa salamu za kumpelekea bibi, akasema tusikae na hofu, na alizungumza kwa upole kabisa. Huo upole ndio ulionichoma. Angekuwa mkali ningejua la kufanya na hasira yangu. Na kwenye kijiti cha uani, na kwenye tope mpaka magotini, alikuwa ni mtu huyu huyu. Sijui niwaweke wapi hao wawili. Mama ameshamaliza kuanua nguo, sasa anazianika upya.

Jumatatu asubuhi. Nilitoka na sare za shule lakini sikupita njia ya shule. Katibu alikuwa anafungua mlango wa ofisi yake, funguo bado ziko kwenye kitasa. Sentensi nilikuwa nimeipanga tangu naoga, nikaitoa yote kwa pumzi moja kabla haijanikimbia. "Seva ya wagonjwa ilikufa Alhamisi, meseji za Mtaalamu zilizomo kwenye simu yako zinakatika kabla ya kusema hivyo, mama yangu hakugoma."

Alinitazama kuanzia viatu. "Wewe ni mtoto wa nani usiyejua kusalimia?"

"Wa mama wa mapokezi," nikasema.

Nilidhani atanifukuza. Alikaa, akavaa miwani, akatoa simu. Alisoma ya kwanza huku midomo ikicheza, akasoma ya pili, akasoma nyingine. Kwenye hiyo alifika mwisho akaigeuza simu upande wa nyuma, kama mtu aliyesoma karatasi akadhani maneno mengine yako huko. Akaiweka mezani. Nikaona masikio yake yameiva kwa aibu.

"Kamwite mama yako," akasema. "Aje hapa kwangu sasa hivi. Kamati itasubiri."

Nikatoka. Getini Mtaalamu alikuwa amezima pikipiki, kofia iko mkononi, anamwamkia mlinzi, na walikuwa wamefika kwenye habari za mvua. Aliponiona akaniinulia mkono. "Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?"

Nikaitikia, maana ni mkubwa wangu. Lakini sikusimama. Niliitikia nikiwa natembea, nikavuka barabara, nikaenda kumwita mama.